Jinsi ya Kufuatilia na Kuandika Mchango wa Mtafiti wa Mikrobiolojia

Mtu anapoombwa kuandika wasifu wa kitaaluma wa mtafiti wa mikrobiolojia, iwe ni kwa ajili ya kumpandisha cheo, kumpendekeza kwa tuzo au kumuaga anapostaafu, mara nyingi huanza na shahada, akaendelea na vyeo, kisha akamalizia na idadi ya makala. Wasifu wa namna hiyo hauna kosa, lakini msomaji akiumaliza bado hajui mtafiti huyo alifanya nini. Hapa Dodoma, ambapo Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwapo tangu mwaka 2007 na ambapo hospitali za rufaa, wizara na maabara za binadamu na za mifugo zinafikika bila safari ndefu, wasifu wa aina hii unahitajika mara kwa mara, na inasikitisha kuona jalada la mtaalamu mzuri likipita mbele ya kamati bila wajumbe kuelewa uzito wa kazi iliyomo ndani yake. Mwongozo huu umekusudiwa mwanafunzi wa uzamili, mkutubi, ofisa uhusiano au mhadhiri mwenza ambaye amekabidhiwa jukumu hilo na anataka kulitenda haki.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba umfuate kimelea kabla hujazifuata takwimu. Kazi ya mwanamikrobiolojia huacha nyayo zinazoshikika: sampuli iliyochukuliwa mahali fulani, bakteria au virusi vilivyotengwa kutoka katika sampuli hiyo, makala iliyovieleza, maabara nyingine zilizovitumia, mwongozo wa tiba uliobadilishwa, na hatimaye mgonjwa au mfugo aliyetibiwa kwa namna tofauti na ile ya zamani. Ukiweza kuunganisha nyayo hizo kwa ushahidi, hata kama baadhi hazipo, utakuwa umeandika mchango wa kweli.

Anza na swali lililomshughulisha

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya takwimu, panga machapisho yote ya mtafiti kwa mwaka, uyasome kuanzia la zamani. Usisome muhtasari pekee; soma utangulizi na sehemu ya mbinu, kwa maana huko ndiko mtafiti anakosema alikuwa anatafuta nini na alifanya nini kwa mikono yake. Baada ya makala kadhaa utaanza kuona swali linalorudi. Wapo watafiti wenye swali moja kwa miaka thelathini, wapo waliobadili njia kwa sababu ya fedha za mradi au mlipuko wa ugonjwa, na wapo ambao swali lao halikuwa lao bali la msimamizi wao. Yote haya yanapaswa kuonekana katika wasifu.

Chukua mfano wa homa ya papasi, ugonjwa unaojulikana vizuri katika vijiji vya Dodoma. Papasi ni kupe laini anayejificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hasa katika nyumba za tembe, akatoka usiku kumnyonya damu aliyelala na kurudi ufani kabla hakujapambazuka. Mwaka 1905 Joseph Everett Dutton na mwenzake John Todd, wakiwa Kongo, walionyesha kwamba kupe huyo ndiye anayeeneza ugonjwa, na Dutton akafariki mwaka huohuo kwa homa aliyokuwa akiichunguza. Bakteria anayeusababisha akapewa jina lake, *Borrelia duttonii*. Katika mwaka huohuo Robert Koch, akifanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alimwona bakteria huyo ndani ya papasi na hata ndani ya mayai yake, jambo lililoeleza kwa nini kizazi kipya cha papasi huzaliwa kikiwa tayari na maambukizi. Miongo mingi baadaye swali lilikuwa bado hai: mwishoni mwa miaka ya 1990 ulichapishwa utafiti kutoka Mvumi, katika wilaya ambayo sasa ni Chamwino, ulioonyesha kwamba kupulizia dawa nyumba zenye papasi kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya kufanikiwa kumwotesha bakteria huyu katika maabara, kazi iliyokuwa imewashinda wengi, na mwaka 2008 ukachapishwa mpangilio kamili wa vinasaba vyake, uliotokana na kimelea kilichopatikana Tanzania.

Nimeieleza historia hiyo kwa kirefu kwa sababu inaonyesha namna ya kumweka mtafiti mahali pake. Ukiandika kwamba mtu fulani amechunguza homa ya papasi kwa miaka kumi, msomaji hajui kama amerudia yaliyojulikana tangu enzi ya Koch au ameongeza kitu. Ukionyesha alichokikuta na alichokiacha, hata mjumbe wa kamati aliyesomea uhasibu ataelewa. Kwa hiyo andika ukurasa mmoja wa historia ya swali hilo kabla hujaandika habari za mtafiti mwenyewe. Huenda ukurasa huo usiingie kwenye wasifu, lakini utakuzuia kumsifu mtu kwa kazi ya mwingine.

Kukusanya machapisho bila kuchanganya watu

Majina yetu huleta tabu. Mtafiti huyohuyo anaweza kuonekana kwa herufi moja ya mwanzo katika makala ya kwanza, kwa herufi mbili katika ya pili, na kwa jina la ndoa katika ya tatu. Na ukitafuta jina la ukoo kama Massawe au Mushi katika Google Scholar, mtambo wa kutafuta kazi za kitaaluma, utapata madaktari, wahandisi na wachumi katika orodha moja. Njia salama ni kumwomba mtafiti namba yake ya ORCID, utambulisho wa tarakimu 16 ulioanza kutolewa mwaka 2012, na kama hana, mwombe ajisajili kwanza, kwa maana ni bure na huchukua dakika chache. Kisha linganisha orodha ya ORCID na zile za Google Scholar na za hifadhidata za makala za PubMed na Scopus, ukiondoa kila makala ambayo taasisi, somo na waandishi wenza havimhusu.

Usiishie hapo. Makala nyingi za mikrobiolojia ya Tanzania zimo katika majarida ya nyumbani ambayo hifadhidata kubwa huyaruka, na mahali pazuri pa kuyatafuta ni African Journals Online, huduma iliyoanza mwaka 1998, ambako utayakuta majarida kama Tanzania Journal of Health Research na Tanzania Veterinary Journal. Tafuta pia tasnifu za wanafunzi aliowasimamia, ripoti za miradi zilizokabidhiwa wizarani na mawasilisho ya makongamano. Kwa watafiti wa mifugo hili ni la lazima. Mpwapwa, ambako utafiti wa mifugo ulianza enzi ya Wajerumani, ina kumbukumbu ambazo hazitaonekana kwenye skrini yoyote, na anayetaka kuandika juu ya magonjwa ya mifugo ya Kanda ya Kati akakosa kufika huko atakuwa ameandika nusu ya habari.

Yupo atakayesema kwamba jarida la nyumbani halihesabiki. Mjibu kwa historia ya ugonjwa wa vikope (trakoma), maambukizi ya macho yanayoweza kupofusha. Bakteria anayeusababisha, *Chlamydia trachomatis*, alitengwa kwa mara ya kwanza na Tang Feifan na wenzake mjini Beijing, nao wakachapisha matokeo yao mwaka 1957 katika jarida la kitabibu la Uchina. Watafiti wa London walipopelekewa kimelea hicho na kukithibitisha, ulimwengu ulikubali. Kilichowashawishi kilikuwa kimelea chenyewe, ambacho kiliweza kusafirishwa na kuoteshwa upya mahali pengine.

Takwimu na mipaka yake

Kamati itataka takwimu, kwa hiyo zitoe, lakini zieleze. Faharasi ya h ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mtafiti mwenye faharasi ya 12 ana makala 12 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 12. Ni kipimo rahisi, nacho kina upungufu mkubwa. Humpendelea aliyeanza kuchapisha mapema, hakitofautishi mwandishi wa kwanza na wa arobaini, na hutegemea ukubwa wa jamii ya wasomaji. Anayechunguza kimelea cha mbuzi wa Bahi hawezi kunukuliwa sawa na anayechunguza VVU, hata kama kazi yake ni bora zaidi. Katika miaka ya karibuni zimeongezeka pia makala za miungano ya kimataifa zenye mamia ya waandishi, hasa katika usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na makala moja ya aina hiyo inaweza kumpa mtu nukuu nyingi kuliko kazi yake yote iliyobaki. Ukiikuta, itaje peke yake, kisha toa jumla ya nukuu ikiwamo na ikiwa imeondolewa.

Kipimo cha athari ya jarida, yaani wastani wa nukuu zinazopata makala za jarida hilo, wazo lililotolewa na Eugene Garfield mwaka 1955, kinahusu jarida na hakimhusu mtafiti. Tamko la San Francisco la mwaka 2012 liliwaomba waajiri na wafadhili waache kukitumia kumpima mtu mmoja mmoja, nami naliunga mkono bila kusita. Andika tarehe uliyochukua kila takwimu na hifadhidata uliyoitumia, kwa sababu Google Scholar huhesabu nukuu nyingi kuliko Scopus, na msomaji akiona namba mbili tofauti bila maelezo atakudhania umedanganya.

Soma nukuu yenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi huchoka. Nukuu ni sentensi iliyoandikwa na mtu kwa sababu fulani, kwa hiyo chagua makala tatu au nne muhimu za mtafiti wako, fungua kazi zilizozinukuu, na usome sentensi hiyo pamoja na ile inayoitangulia na inayoifuata. Zigawe kwa maana: zile zinazotaja kazi hiyo kwa kupita katika utangulizi, zile zilizotumia mbinu yake, zile zilizotumia kimelea au data zake, zile zilizopinga matokeo yake, na zile zilizojenga uamuzi juu yake. Nukuu kumi za mbinu zina uzito kuliko nukuu mia za kupita. Nukuu za kupinga zisifichwe. Kazi inayobishaniwa kwa hoja ni kazi iliyosomwa.

Kongwa inatupa mfano mzuri kuliko wowote ninaoujua katika mkoa huu. Wilaya hiyo kavu ilikuwa na vikope vingi mno kwa watoto, na watafiti wakiongozwa na Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania, walivigawa vijiji katika makundi mawili. Katika kundi moja watu walipewa marhamu ya tetrasaiklini pekee; katika kundi la pili walipewa marhamu hiyohiyo pamoja na kampeni ya kijiji kizima ya kuwanawisha watoto uso. Matokeo, yaliyochapishwa katika The Lancet mwaka 1995, yalionyesha kwamba vikope vikali vilikuwa vichache zaidi kwa watoto wa vijiji vyenye kampeni. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya vikope una nguzo nne, yaani upasuaji wa kope, antibayotiki, usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira, na utafiti wa Kongwa ni miongoni mwa ushahidi unaotajwa sana kuitetea nguzo ya tatu.

Sasa angalia jinsi makala hiyohiyo inavyotumika mahali pengine. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, kuhusu kunawa uso yaliuingiza utafiti wa Kongwa katika uchambuzi wake, yakakubali kwamba kunawa pamoja na dawa kunaweza kusaidia, lakini yakasema ushahidi wa kunawa pekee bado ni mdogo. Mwandishi mvivu angehesabu nukuu hizo mbili kuwa mbili. Mwandishi makini ataeleza kwamba moja iliugeuza utafiti kuwa sera na nyingine ikaonyesha mpaka wake, na kwamba zote mbili zinamheshimu mtafiti kwa kuichukua kazi yake kwa uzito. Ukifanya hivyo kwa makala tatu tu za mtafiti wako, utakuwa na kurasa mbili ambazo hakuna faharasi inayoweza kuzitoa.

Nukuu nyingine haziko katika majarida kabisa. Fungua Mwongozo wa Matibabu wa Taifa, mpango kazi wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, miongozo ya ufuatiliaji wa magonjwa ya mifugo na taratibu za maabara za hospitali ya rufaa, kisha utafute jina la mtafiti au matokeo yake. Mara nyingi matokeo yamo na jina halimo. Katika hali hiyo tafuta ushahidi wa pili, kama vile barua ya uteuzi katika kamati iliyoandaa mwongozo, au muhtasari wa kikao chake, kabla hujaandika kwamba alichangia.

Yasiyochapishwa

Mwanamikrobiolojia huacha vitu ambavyo si makala, na hivi ndivyo wasifu mwingi huvisahau. Thomas Brock alimpata bakteria *Thermus aquaticus* katika chemchemi za moto za Yellowstone, akamweleza mwaka 1969 akiwa na mwanafunzi wake Hudson Freeze, na wakamweka katika hifadhi ya vimelea ambapo yeyote angeweza kumwomba. Karibu miaka ishirini baadaye kimeng'enya cha bakteria huyo, kinachostahimili joto kali, ndicho kilichoufanya upimaji wa PCR, yaani mbinu ya kuzidisha nakala za vinasaba, kuwa jambo la kawaida la maabara. Kama kimelea kingepotea, makala pekee isingetosha.

Kwa hiyo omba kuoneshwa jokofu. Katika jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri utakuta visanduku vya gridi, na ndani yake vichupa vyenye bakteria waliochanganywa na gliseroli, kila kimoja kikiwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika. Chukua namba moja, uifuatilie katika daftari la maabara: je, inaonyesha kijiji au wodi, aina ya sampuli, tarehe, midia (chakula cha kuoteshea bakteria) iliyotumika, vipimo vilivyomtambulisha bakteria na dawa zilizomshinda? Uliza pia jokofu hilo lina jenereta au la, na nini hutokea umeme ukikatika mwishoni mwa juma. Mtafiti aliyetunza mkusanyiko wa vimelea hai kwa miaka mingi katika mazingira yetu, na kumbukumbu zake zikasomeka, amewafanyia watakaomfuata kazi kubwa, nayo inastahili aya yake. Vivyo hivyo kwa mipangilio ya vinasaba aliyoiweka GenBank, hifadhidata ya wazi ya vinasaba. Namba zake huandikwa katika makala, na unaweza kuona nani wamezitumia.

Kuna pia kazi ya dharura. Dodoma ilikuwa kati ya mikoa iliyoathiriwa zaidi na mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa mwaka 2007, na mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Aliyekesha akipima sampuli katika milipuko ya namna hiyo huenda hakuwa na nafasi ya kuandika makala, au jina lake likawekwa katikati ya orodha ndefu ya waandishi. Tafuta ripoti za mlipuko, daftari za kupokelea sampuli na kumbukumbu za vikao vya mkoa. Wanafunzi nao ni sehemu ya mchango: eleza wako wapi sasa na wanafanya nini, badala ya kutaja idadi yao.

Kuzungumza na watu

Usimwendee mtafiti kabla hujasoma kazi zake, na ukimwendea nenda na maswali yanayotokana na makala mahususi. Baada ya salamu, na kwa profesa mwenye umri shikamoo haipunguzi utaalamu wako, mwombe akueleze makala moja tangu sampuli ilipochukuliwa hadi ilipochapishwa. Muulize ni jaribio gani lililokataa na kwa nini alilirudia. Kisha, kwa ruhusa yake, ongea na mteknolojia wa maabara aliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Mzee wa namna hii ndiye anayekumbuka midia ilitengenezwaje vifaa vilipokwisha, nani alibuni njia ya kusafirisha sampuli kutoka Chemba bila kuharibika, na nani hasa alimtambua bakteria kwa mara ya kwanza. Mara nyingine jibu litakuwa kwamba ni yeye, na jina lake halimo katika makala. Liandike, ukishapata uthibitisho wa daftari.

Daftari za maabara na fomu za sampuli zina majina ya wagonjwa. Usiyanakili wala kuyapiga picha, na utafiti uliohusisha binadamu uutaje pamoja na kibali chake cha maadili.

Uandishi

Vitenzi ndivyo vinavyopotosha. "Aligundua" litumike kwa kitu ambacho hakikujulikana popote kabla yake. Kwa kitu kilichojulikana kwingine lakini si hapa, andika "aliripoti kwa mara ya kwanza nchini", tena baada ya kuhakiki. Na kwa kazi ya kundi, andika "alishiriki", ukieleza alishiriki kwa lipi. Badala ya sentensi kama "Amechapisha makala nyingi katika majarida ya kimataifa na kutoa mchango mkubwa kwa taifa", andika sentensi inayotaja kimelea, mahali, mbinu, matokeo na aliyeyatumia, kwa mfano kwamba alitenga bakteria kutoka katika mikojo ya wajawazito wa kliniki fulani, akaonyesha dawa iliyokuwa ikitolewa kwanza haikuwa ikiwatosha, na kwamba hospitali ikabadili utaratibu wake mwaka fulani kwa barua yenye kumbukumbu fulani. Kama barua haipo, ishia kwenye matokeo.

Wasifu mzuri hauhitaji kuzidi kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ubebe swali lake na alichoongeza, takwimu zikae katika jedwali moja dogo lenye tarehe, na kurasa zinazobaki zifuate kazi mbili au tatu hadi mwisho wa nyayo zake. Ukimaliza, mpe mtafiti asome, na umpe pia mmoja wa waandishi wenza asiyefanya kazi chini yake; wa kwanza hurekebisha makosa ya sayansi, wa pili hurekebisha makosa ya mgawanyo wa sifa. Sahihisha, weka tarehe, kisha uwasilishe pamoja na nakala za nyaraka ulizozitegemea, ili mjumbe anayetaka kuhakiki sentensi yoyote aweze kufanya hivyo akiwa bado kikaoni.